Uwanja wa ndege Mafia: mgeni na mgonjwa wanapopita lango moja

Ndege ndogo ya abiria 12 hivi ikishaondoka Dar es Salaam na kuelekea kusini, haipiti muda delta ya Rufiji inaonekana chini, mikoko na vijito vimetanda kama mishipa ya mkono. Kama nusu saa tu, magurudumu yanagusa lami ya Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia.

Uwanja umekaa mjini kabisa. Mwenye begi jepesi anaweza kutembea hadi sokoni, na begi lazima liwe jepesi, kwani ndege hizi kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria.

Wageni wengi hupokewa na gari la hoteli, moja kwa moja hadi Utende, iliko Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kati ya Oktoba na Machi wanamfuata potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye pamoja na mwili wote huo hana habari na mtu. Wengine huzamia matumbawe ya Ghuba ya Chole. Hawa wasikimbilie ndege ya kurudi: aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asubiri saa 18 au zaidi, la sivyo naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu huko juu na kumletea maumivu makali ya viungo, hata kupooza.

Mwenyeji naye? Nauli ya ndege ni ya kumezea mate. Safari yake ni chombo cha majini hadi Nyamisati, kisha basi la Dar. Kusi likivuma, aliye mzima atatapika, ataloa, atafika. Lakini mjamzito anayevuja damu, aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili, hawezi kungoja maji yajae ndipo chombo king'oe nanga. Hapo ndugu huanza kupigiana simu, nani ana nini, huku ndege ya watalii ikisikika ikipasha injini.

Kwa hiyo familia yenye mjamzito aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, au mwenye shinikizo la damu, izungumze na mkunga mapema kliniki, pesa ya dharura ianze kuwekwa, na kama kuna shangazi Mbagala, mama avushwe wiki kadhaa kabla, bahari ikiwa shwari.