Ukipiga picha ya ngome, geuka nyuma

Likizo imekaribia na najua mnachozungumza huko vyumbani, maana hata kwetu ni hayo hayo: nani ana hela ya nauli, basi linatoka Park Station saa ngapi, na bahari iliyo karibu ni ipi. Jozi ina kila kitu isipokuwa maji. Mji huu ulizaliwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu iliyo chini ya ardhi; hauna bandari, hauna hata mto wa maana. Sisi tuliokulia Pwani tunavumilia tu, lakini ikifika Juni na baridi ikaanza kukata masikio, mtu unajikuta unaota upepo wa kusi na harufu ya dagaa walioanikwa juani.

Basi nimeona niandike kuhusu safari nilizozifanya mwenyewe katika miaka yangu minne hapa, kwa hela ya mwanafunzi, simu mkononi na mkate begani. Nitataja ngome, fukwe na vijiji. Ila kuna jambo moja nataka kulisema mapema, msije mkadhani naandika tangazo la watalii. Kuanzia Cape Town mpaka Lamu, hakuna ngome iliyosimama peke yake. Kila moja ina kijiji au mtaa ubavuni mwake. Watu huja, wakapiga picha ya ngome, wakaondoka. Kijiji ndicho kinachokufa kwanza, na kikifa hakuna hata picha ya kuombolezea.

Tuanze na Cape Town, maana ndiko kila mmoja wetu anakotaka kwenda akishapata hela. Ni kilomita 1,400 hivi kutoka hapa, kwa hiyo andaa mgongo. Ngome yao, Castle of Good Hope, ilijengwa na Waholanzi wa kampuni ya VOC kati ya 1666 na 1679. Ina pembe tano kama nyota, na ndilo jengo kongwe kuliko yote ya kikoloni yaliyobaki Afrika Kusini. Zamani bahari ilifika karibu na kuta; leo imesukumwa mbali kwa kujaza udongo, ukisimama langoni husikii wimbi hata moja, unasikia magari. Baada ya vita vya 1879, mfalme Cetshwayo wa Wazulu alifungwa humo. Picha nzuri ni ya asubuhi, lango likiwa mbele na Mlima Meza nyuma.

Sasa, ukishaipiga, toka nje utembee dakika chache tu. Utaona uwanda mpana wenye majani, upo katikati ya jiji lenye viwanja ghali kupindukia, na utajiuliza kwa nini pametupwa hivi. Hapo ndipo palipokuwa District Six. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba ni eneo la weupe, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Kuna makumbusho madogo pale pale mjini, na ndani yake ramani kubwa ya mitaa imetandazwa sakafuni, wenyeji wa zamani wameandika kwa mikono yao nani alikaa wapi. Niliitazama ramani ile muda mrefu kuliko nilivyoitazama ngome. Ngome imebaki na mawe yake yote. Majirani zake wamebaki na kalamu.

Kwa wasio na hela ya Cape Town, kuna Durban. Ukipanda basi la usiku, asubuhi uko baharini. Golden Mile ni ufukwe mzuri sana, mchanga mpana, vijana wanacheza na mawimbi, na maji yana uvuguvugu hata wakati wa baridi. Pigeni picha, mpeleke nyumbani, hakuna ubaya. Lakini mjue mnapokanyaga. Sheria ya 1953 iliwaruhusu wakubwa wa hapa kutenga fukwe kwa rangi ya ngozi, na mabango yaliwekwa kuonya nani asivuke. Fukwe zote zilifunguliwa Novemba 1989, na sheria yenyewe ikafutwa 1990. Yaani kuna wahadhiri wetu ambao walipokuwa na umri wetu wasingeweza kuogelea pale.

Na kuna jingine, hili linatuhusu sisi kabisa. Upande wa kusini wa bandari ya Durban kuna kilima kirefu kinachoitwa Bluff. Kuanzia 1873 hadi 1880, manowari za Waingereza zilileta Durban watu kama mia tano waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na baadhi walipitia Unguja, basi wote wakaitwa "Wazanzibari". Kukombolewa kwenyewe kulikuwa kwa aina yake: walipewa mikataba ya kazi ya miaka mitano. Baadaye wakajenga maisha yao hapo Bluff, mahali panapoitwa Kings Rest, wakiwa na sala zao, bustani zao na lugha yao, bahari iko chini yao. Miaka ya mwanzo ya 1960 serikali ikawahamishia Chatsworth, mbali na maji, na katika vitabu vyake ikawaandika kuwa "Waasia wengine". Mmakua kageuzwa Mwasia kwa kalamu ya karani!

Nilikwenda Chatsworth na rafiki yangu wa Nampula. Baada ya sala ya Ijumaa tukamwendea mzee mmoja, nikamwambia, "Shikamoo babu." Neno lenyewe hakulijua, lakini alicheka, akamshika rafiki yangu mkono aliposikia anasema Kimakua. Walielewana nusu, nusu nyingine wakamalizia kwa Kizulu na Kiingereza. Akatuambia kwamba akiwa mtoto Bluff aliamka kwa sauti ya mawimbi, na kwamba mpaka leo haizoei Chatsworth ikinyamaza usiku. Nikamuuliza kama ana picha ya kijiji. Akasema, "Nani alikuwa na kamera?" Tulinyamaza. Mimi nilikuwa na picha 200 za ufukwe wa Durban kwenye simu.

Huyo rafiki ndiye aliyenipeleka kwao, Kisiwa cha Msumbiji. Huko ni mbali, msidanganyike na ramani, na kabla hujaondoka uliza hali ya usalama ya kaskazini, maana tangu 2017 Cabo Delgado, mkoa wa jirani, hakujatulia. Lakini ukifika, utasahau uchovu. Unavuka daraja jembamba la zaidi ya kilomita 3 juu ya maji ya samawati, na mwisho wa kisiwa kuna ngome ya São Sebastião ambayo Wareno walianza kuijenga 1558. Nyuma ya kuta zake, ukingoni mwa maji, kuna kanisa dogo jeupe la 1522. Kwa mpiga picha ni peponi: chokaa, bahari na anga tu.

Kisiwa kina sehemu mbili, mji wa mawe na mji wa makuti. Naam, ni makuti haya haya yetu, wao wanaandika "Macuti". Nilipoingia upande wa makuti nikashangaa kwamba natelemka. Mitaa iko chini, paa za nyumba ziko karibu usawa wa barabara. Kumbe mawe ya kujengea mji wa matajiri yalichimbwa hapo hapo, na wafanyakazi wakaachiwa shimo wajenge ndani yake. Mvua ikinyesha maji yote yanawashukia wao. Sijawahi kuona mahali ambapo habari ya ngome na kijiji imeandikwa ardhini waziwazi namna ile. Na watalii wengi hawashuki. Wanapiga picha kutoka juu, barabarani.

Sasa nije kwetu Kilwa, na mnisamehe nikikaa huku kidogo.

Kuna wenzetu hapa chuoni hutuuliza, bila ubaya, "Kwenu huko kuna nini cha kutazama zaidi ya wanyama?" Jibu langu nalianzia hapa hapa Afrika Kusini. Nendeni Chuo Kikuu cha Pretoria mkamwone faru mdogo wa dhahabu wa Mapungubwe. Mapungubwe ilikuwa dola iliyostawi karne ya 13 huko Limpopo, na katika makaburi yake zilikutwa shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Shanga zile zilipita mikononi mwa watu wa Pwani. Baadaye, wakati wa Zimbabwe Kuu, dhahabu iliteremka mpaka bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoitawala biashara hiyo. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliokotwa kule kule Zimbabwe Kuu. Kwa hiyo mtu wa Kilwa kuja kusini kwa ajili ya riziki si jambo jipya, sisi tumefuata njia ya zamani, ila badala ya mashua tumepanda basi.

Huyo sultani ndiye anayetajwa kuwa alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya genge la bahari, lenye birika la pembe nane. Ibn Battuta alipita Kilwa 1331 akausifia mji. Mwaka 1505 Wareno wakaupora na kujenga ngome, kisha wakaiacha. Ngome inayoonekana leo, tunaiita Gereza, ni ya enzi za Waomani, na upande mmoja umeshaliwa na bahari. UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya hatari, na 2014 yakatolewa baada ya kuta kukarabatiwa na ufukwe kukingwa, mikoko ikapandwa. Ukitaka kwenda, chukua kibali Kilwa Masoko, kisha panda mashua. Picha ya Gereza nzuri ni asubuhi maji yakiwa yanakupwa, hasa siku za bamvua, ambapo mashua hulala ubavu juu ya mchanga.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa hapo Kisiwani. Nyumba yake ya udongo na makuti iko kama hatua mia kutoka kwenye magofu. Likizo yangu ya kwanza nilimkuta anashona nyavu, nikamwomba asogee ili nipate ukuta vizuri. Akaniambia, "Mjukuu wangu, tangu nizaliwe wageni wananiambia nisogee. Hiyo picha yenu siku moja itakuwa na mtu?" Basi nikampiga yeye, na nyavu zake, na Gereza likawa doa la kijivu huko nyuma. Alifariki mwaka uliofuata, na picha hiyo ndiyo pekee aliyowahi kupigwa ambayo hakuwa amesimama mbele ya pazia la ofisi kwa ajili ya kitambulisho. Mama ameitundika sebuleni. Hakuna mgeni anayeuliza Gereza ni lipi.

Kwingine nitapita haraka, mnakujua. Mombasa kuna Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ukitoka langoni, ingia Mji wa Kale, usikimbilie matatu. Lamu ina ngome iliyokamilika 1821, lakini utamu wake uko vichochoroni, na jioni tembea mpaka kijiji cha Shela ukaone mchanga unavyobadilika rangi. Karibu na Watamu kuna magofu ya Gede, yaliyoingia orodha ya UNESCO 2024. Unguja kuna Ngome Kongwe, na jirani yake Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash ya 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Kwa hiyo hata jiwe linakufa, tusijidanganye.

Nimalizie na mambo machache ya kufanya, maana najua mtayahitaji. Kwanza, salamu kabla ya kamera. Pwani mtu ambaye hajakusalimia hana haki ya kukupiga picha. Pili, akina mama na nyumba za watu usipige bila ruhusa, na ukikataliwa sema asante upite. Tatu, ukiahidi kutuma picha, itume. Nne, andika jina la mtu, mahali na tarehe, maana picha isiyo na jina baada ya miaka ishirini ni karatasi tu. Tano, nenda na hela ya kula kwa mama ntilie wa kijijini, si ile hoteli ya wageni.

Tunaomba kila atakayesafiri likizo hii alete picha mbili kwa ajili ya ubao wa jumuiya: moja ya ngome, na nyingine aliyoipiga baada ya kugeuka nyuma. Ukumbi tunao, ubao tunao, pini atanunua mweka hazina. Safari njema, na anayekwenda Durban aniambie, kuna mzee Chatsworth nimemwahidi picha yake na bado iko kwangu kwenye bahasha.