Makande ya Mama Mkwe

Mbaga, Same

Mdogo wangu,

Mbele yangu pana bakuli la makande ambalo sitalila. Mama mkwe aliloweka mahindi tangu juzi, jana yakashinda motoni pamoja na maharage, na leo amenipakulia mimi kwanza, kabla ya mwanawe. Heshima ya namna hiyo hairudishwi jikoni, wewe mwenyewe unajua. Lakini hii ni wiki ya sita tangu nifanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo, na hindi zima, hata liive vipi, bado nimekatazwa.

Mama mkwe hakusema kitu. Alimwita mwanawe nyuma ya banda la ng'ombe, nikamsikia akimuuliza: "Mmegombana?" Kwake yeye, mke aliyeondoka hapa na kilo 121 akarudi na 104 ana moja kati ya mawili: anaumwa au anateswa. Majirani wawili wameshakuja kunipa pole bila kutaja ni pole ya nini.

Nakuandikia kwa sababu nawe umeshapewa tarehe, na kila ukinipigia simu kutoka Unguja swali lako ni kisu tu. Kisu kilichukua kama saa moja na nusu, nami nilikuwa nimelala fofofo. Sina la kukuhadithia hapo. Mambo yako kabla yake na baada yake.

Watu wanadhani unalipa, unavua nguo, unapanda mezani. Mimi nilizungushwa miezi mitatu. Kwanza walinipima BMI: unachukua kilo zako, unazigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Yangu ilikuwa 46. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoandamana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikashusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi. Mimi nilikuwa nazo kilo, na kisukari, na presha, kwa hiyo mlango wowote ningepita. Kisha ikaja damu, ukaja moyo, ikaja kamera ya kumezwa kutazama tumbo na kutafuta wale bakteria wa vidonda. Wakaniuliza kama nakoroma, maana anayekatika pumzi usingizini humpa kazi mtu wa dawa ya usingizi. Mwisho nikakalishwa na mtaalamu wa saikolojia, akaniuliza swali lililonikera siku nzima: ukiwa na huzuni huwa unakula nini? Nikasema chapati. Akaandika.

Uliuliza pia kwa nini sikuwekewa puto kama wale wa Hospitali ya Mloganzila. Puto si kisu. Linapitishwa mdomoni likiwa tupu, linajazwa maji likishafika tumboni, linakaa humo miezi kadhaa likishika nafasi ya chakula, kisha linatolewa. Wako ambao linawatosha. Daktari wangu aliona kwa kilo zangu na kisukari changu halitafika mbali. Mimi nimetolewa kiasi cha robo tatu ya tumbo, hata zaidi kidogo. Kilichobaki ni mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu iliyotoka ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Puto ukijuta linatoka. Hii haina kurudi, na ndiyo maana nakuandikia barua ndefu.

Wiki mbili kabla ya kisu ndizo zilizonitoa machozi. Wali hakuna, ugali hakuna, chapati hakuna, sukari usiitaje. Supu, mboga, mayai, mtindi, basi. Nilidhani ni adhabu, kumbe ni kwa ajili ya ini. Ini la mtu mnene hujaa mafuta likavimba, nalo limelala juu ya tumbo. Daktari anafanya kazi kupitia vitundu vidogo, na lazima aliinue ini hilo ndipo aone anapokata. Ukijizuia wiki mbili linasinyaa. Ukimdanganya, unajidanganya ukiwa umelala mbele yake. Na katika wiki hizo hizo ikaangukia harusi. Nilikaa mbele ya sinia la biriani na chupa yangu ya maji. Mmoja mezani akasema, "Profesa Janabi asituone," watu wakacheka, wakaendelea kula. Mohamed Janabi alipokuwa akiiongoza Muhimbili aliyasema sana mambo ya sukari na wanga, mpaka jina lake likawa utani wa mezani. Tangu 2025 yuko WHO, anaongoza Kanda ya Afrika, na utani ametuachia.

Nilipozinduka, maumivu hayakuwa pale nilipoyangoja. Yalikuwa begani. Tumbo hujazwa gesi ili daktari apate nafasi ya kuona, na gesi inayobaki humchokoza mtu mpaka mabegani. Jioni ileile nesi akanisimamisha, nikatembea korido nikiwa na dripu mkononi kama mzee na mkongojo wake. Nilimchukia. Baadaye nikaelewa: damu ya aliyelala sana huganda miguuni, bonge likapanda mapafuni. Kwa sababu hiyohiyo nilichomwa sindano za kuzuia damu isigande, na kwa sababu hiyohiyo njiani kuja huku mume wangu alisimamisha gari mara kwa mara: Chalinze, Segera, Korogwe, Hedaru, nashuka natembea, narudi. Zaidi ya kilometa 400 kwa mwendo wa harusi.

Maji, mdogo wangu. Hukuwahi kufikiri kunywa maji ni kazi, sivyo? Kwa kikombe kidogo cha dawa, funda, unangoja, funda tena, tangu alfajiri mpaka kulala, la sivyo unakaukiwa. Wiki mbili za mwanzo ni vya kunywa tu na vimechujwa. Wiki mbili zinazofuata ni vya kusagwa kama chakula cha mtoto. Halafu vitu laini, na ndipo nilipo. Protini inatangulia, walau gramu 60 kwa siku, kwa hiyo kijiko cha kwanza ni samaki au yai, viazi vikipata nafasi vimebahatika. Chakula na maji havikutani: ukimaliza kula, unangoja nusu saa. Soda, kwaheri. Vidonge vya vitamini ni maisha yako yote, maana tumbo dogo peke yake haliwezi tena kukupa B12 na madini ya chuma ya kutosha.

Nusura niharibu mambo wiki ya tatu. Kichwa kiliniuma, nikaenda duka moja la dawa mtaani, nikapewa diklofenaki bila kuulizwa neno. Nilikuwa nimeshashika glasi nilipokumbuka karatasi ya hospitali: dawa za jamii hiyo hutia vidonda tumboni, na tumbo langu ni mshono mtupu. Karatasi hiyo ibandike mlangoni. Na jambo la kutosubiri kupambazuke: moyo kwenda mbio bila sababu, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Huenda mshono unavuja. Si kwa wengi, lakini anayechelewa anaweza kufa.

Jana niliiacha barua hapo. Naendelea leo; asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba. Kule chini Same ni vumbi, miiba na mkonge. Ukipanda huku unavaa sweta. Baba mkwe alikuja kuniamsha alfajiri nikaone ndiva inafunguliwa. Ndiva ni bwawa dogo la wazee wa Upareni: usiku kijito kinajaa humo, asubuhi mlango unafunguliwa, maji yanashuka kwenye mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Tumesimama ukingoni, akaniuliza tumbo limebaki kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kikombe. Akatazama maji muda mrefu.

"Basi wamekujengea ndiva ndogo," akasema. "Ukiijaza kwa pupa, ukingo unabomoka."

Miezi mitatu nilihangaika kumweleza kila mtu, kwa michoro na kwa simu, na mzee huyu ambaye hajawahi kulazwa alimaliza kwa maneno hayo. Tuliporudi alimweleza mkewe kwa Chasu. Sikuambulia ila neno "ndiva". Mama mkwe akanitazama tumbo, akaingia jikoni. Mchana aliniletea maharage ya yale yale makande, ameyachagua moja moja kutoka kwenye mahindi, ameyaponda na kuyachuja, na pembeni perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu aliyechambuliwa miiba. Nilikula vijiko vitano. Nikamaliza na chai ya tangawizi ya kutoka Mamba, bila sukari, nusu saa baadaye kama nilivyofundishwa. Kwa majirani bado mimi ni mgonjwa, na sitajisumbua kuwabishia.

Sasa wewe. Usiniulize tena kama kisu kinauma. Jumatano ukienda kliniki, kabla ya kutia saini, muulize daktari amefanya operesheni hii mara ngapi kwa mkono wake. Muulize simu gani inapokelewa saa nane za usiku, na nani, kwa sababu wewe uko Unguja na boti hazisafiri saa hizo. Muulize nani atakupima damu mwaka ujao na mwaka utakaofuata, na vitamini zitagharimu kiasi gani kwa mwezi. Akikujibu kwa kukuonyesha picha za waliokonda, vaa mtandio wako urudi nyumbani. Akikujibu sawasawa, mwambie mumeo naye aje asikilize, maana ndiye atakayepika.

Majibu unipigie jioni, si mchana. Mtandao hapa unashika nikiwa nimesimama nyuma ya banda la ng'ombe tu, na mchana mama mkwe anakamua.

Dada yako