Ngoma, mbonda, tam-tam

Kabla ya misa ya Jumapili nilikuwa na kazi moja: kuipasha ngoma moto. Mvua ya Kisangani haina adabu. Ikinyesha usiku kucha, asubuhi ngozi imelegea, haitoi sauti. Basi nawasha makuti ya mchikichi nyuma ya kanisa letu kule Mangobo, naizungusha ngoma mbele ya moto, nagonga kwa kidole, nasikiliza. Mwanzoni inajibu "bu". Baadaye "bo". Ikisema "pa!" unaitoa upesi. Siku moja nilikuwa natazama mpira wa wenzangu. Ngozi ikapasuka hadi ukingoni. Koko wangu, yaani babu, mpigaji mwenyewe, hakunisemesha mpaka alipoiwamba upya kwa ngozi ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni.

Nyumbani, kwa Kiswahili, tuliiita ngoma. Kwaya ya Lingala iliiita mbonda. Mwalimu, kwa Kifaransa chake, alisema tam-tam, na neno hilo akalivisha hata lokole ya Walokele. Hapo koko alikasirika. Lokole haina ngozi! Ni gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu, mwingine ya chini. Fimbo mbili zinafuata jinsi Kilokele chenyewe kinavyopanda na kushuka, na aliye mbali anaelewa. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alilieleza jambo hilo kitabuni mwaka 1949. Koko hakuhitaji kitabu. "Ukipiga ngoma, watu wanakuja kucheza," alisema. "Lokole inaweza kuwaita waje kuzika."

Kisha kanisani zikaingia tumba, kama za orkestra: skrubu za chuma, unakaza kwa ufunguo, basi. Nilifukuzwa kazi na ufunguo.

Juzi binti yangu, aliyesoma Dar es Salaam, alininyooshea simu: "Papa, sikia ngoma hii." Nilitafuta ngozi ndani ya wimbo ule, nikakuta kompyuta tupu. Nikamwambia hiyo si ngoma.

Akainuka, akaleta santuri ya koko, ya mwanamuziki Wendo Kolosoy, "Marie-Louise" ya mwaka 1948, wimbo wa magitaa. Akaweka kidole katikati ya lebo, palipoandikwa jina la kampuni ya Léopoldville iliyoitoa: Ngoma.