Karatasi ya Mazoezi na Sauti ya Mtoto

Mwaka 1978, mara tu baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza kutekelezwa, nilikabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko nafasi za madawati. Vitabu havikutosha. Kila jioni niliandika stensili na kurudufu karatasi za mazoezi: ba, be, bi, bo, bu, ka, ke, ki, ko, ku. Watoto walizighani kwa sauti moja hata wapita njia wakasimama kusikiliza, nami nikajiona mwalimu hodari.

Siku moja nilimwita mbele mtoto niliyemhesabu kuwa msomaji wangu bora. Alisoma safu zote bila kukwama. Nilipomkaribia niliona ameishika karatasi juu chini. Wenzake walicheka. Yeye alinitazama tu, kwani alidhani kwamba kusoma ndiko huko. Na nani aliyemfundisha hivyo kama si mimi?

Usiku ule niliivunja ile safu. Niliandika bu, ka, bi, ko, na chini yake maneno: kobe, kuku, baba. Asubuhi darasa lililozoea kughani likawa kimya kama msikiti usio na watu. Msomaji wangu bora alihitaji majuma matatu kabla ya kuunganisha ko na be peke yake.

Lugha yetu, kwa kweli, imemrahisishia mwalimu kazi. Irabu ni tano, na kila moja hushika sauti yake popote iwapo. Ndiyo maana silabi yafaa kuwa ngazi ya kwanza. Kiingereza hakina bahati hiyo, maana herufi moja hubeba sauti kadhaa. Lakini ugumu nasi tunao. M ya mtu ni silabi kamili, ilhali m ya mbuzi huungana na b. Halafu kuna ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Stensili yangu iliyochakaa iliwahi kukimeza kile kialama, mtoto akasoma “ngombe”, nami nikamkaripia. Alikuwa amesoma sawasawa kilichoandikwa. Karipio lile bado linaniuma.

Siku hizi karatasi hutoka kwenye kompyuta, safi na zenye rangi. Mzazi mmoja, jirani yangu, aliniletea moja akilalamika kwamba bintiye ni mzito wa kushika. Palikuwa na herufi E, na kando yake picha ya yai. Aliyeitengeneza alifuata Kiingereza, ambamo jina la yai huanza kwa herufi hiyo, kisha akabandika maelezo ya Kiswahili juu yake.

“Hii ni nini, mjukuu wangu?” nilimwuliza mtoto.

“Yai, babu.”

“Linaanza na sauti gani?”

Alimtazama mama yake kwa hofu, kisha akanong'ona, “Ya.”

Nikaomba kalamu, nikalikata lile yai, nikachora embe.