Kutoka Gikomba hadi Kariokor na askari wa sentimita 30

Ukifika Gikomba Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali na mikokoteni haijaziba njia, hutakosa kuona rundo la vitu vya watoto vilivyomwagwa juu ya turubai. Humo mna magari yasiyo na magurudumu, dubu wa manyoya waliopoteza jicho na wanasesere wenye nywele za dhahabu zilizotimka. Usiondoke upesi. Chimbua hadi chini na huenda ukampata askari: mwanamume wa plastiki, kifua kipana, taya la mraba, bunduki imepotea na pengine mguu mmoja pia.

Wanunuzi wengi humruka. Huyo ndiye ninayetaka umchukue leo.

"Huyo ni mgonjwa, nipe hamsini tu," mama mwenye turubai aliniambia nilipomwokota wangu. Nililipa, nikamtia mfukoni, naye akanifunza mengi kuhusu mitaa hii ya Eastlands kuliko nilivyojifunza kwa miaka mingi ya kupanda matatu humu.

Huenda ukashangaa mtu mzima anatafuta nini katika vitu vya watoto. Basi fahamu kwamba duniani kote wako watu wazima ambao uraibu wao ni kuwavua askari wa aina hii sare walizotoka nazo kiwandani, kuwachonga nyuso upya, kuwashonea nguo nyingine na kuwapiga picha kana kwamba wako vitani kweli. Mpiga picha wa Marekani, David Levinthal, alishiriki kutoa kitabu kizima cha picha za askari wa kuchezea mwaka wa 1977. Mwingine wa huko huko, Mark Hogancamp, alipigwa na genge la watu mwaka wa 2000 hadi akazirai kwa siku tisa. Alipopata nafuu alijijengea mji mdogo wa vita uani kwake, akaujaza wanasesere na kuupiga picha kila uchao. Alikuwa akijitibu.

Mwanzo wa askari huyu

Askari wa sentimita 30 alizaliwa Marekani mwaka wa 1964. Kampuni ya Hasbro ilimtoa kwa jina la G.I. Joe, akiwa na viungo 21 vinavyokunjika. Wenye kampuni walikataa katakata aitwe mwanasesere, kwa kuhofia kwamba wavulana wangemkimbia. Uingereza nayo ilipata wake mwaka wa 1966, akaitwa Action Man. Mwaka wa 1965 Hasbro ilimtoa askari mweusi, lakini uso ulikuwa ule ule wa yule mweupe, uliopakwa rangi ya kahawia.

Kumbuka jambo hilo la uso, kwa maana tutalirudia.

Askari wanaofika Gikomba ndani ya marobota ya mitumba huja na vita vya watu wengine. Sare zao ni za Marekani na Ulaya, na adui zao ni wa sinema. Ukimpiga picha jinsi alivyo kwenye vumbi la Eastlands, ataonekana kama mgeni aliyepotea njia. Kazi yako ni kumfanya awe mwenyeji.

Hesabu ya sita

Siri ya kwanza ya uraibu huu ni hesabu. Askari wa sentimita 30 ni sehemu moja ya sita ya mtu wa sentimita 180. Kwa hivyo kila kitu utakachompa, kizidishe mara sita uone kitakuwa na ukubwa gani mkononi mwake. Kisanduku cha kibiriti chenye urefu wa sentimita tano kitakuwa na sentimita 30, na hilo ni sanduku zuri la risasi. Mfuko wa sentimita kumi ulioshonwa kwa kitambaa kikuukuu utakuwa gunia la sentimita 60, tena gunia la kumtoa mtu jasho.

Siri ya pili ni subira. Loweka kichwa chake katika maji moto hadi kilainike, kisha ukivute polepole kitoke. Futa uso uliochorwa kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, lakini ijaribu kwanza kisogoni, kwa kuwa plastiki nyingine huyeyuka. Fungua madirisha, na watoto wasishike dawa hiyo wala wembe.

Hapo sasa turudi kwenye uso. Usirudie kosa la mwaka wa 1965 la kupaka rangi tu. Nunua ile gundi ya kukanda ambayo mafundi wa mabomba huzibia nyufa, uunde pua, midomo na mashavu kabla haijakauka. Msasa laini utamalizia. Mtazame babu yako katika picha ya zamani ukutani, au mzee wa jirani anayeota jua kibarazani. Huo ndio uso unaoutafuta.

Mavazi si taabu. Askari wa King's African Rifles, ile K.A.R. ambayo wazee wetu waliiita Keya, alijulikana kwa kofia ya tarbushi na vitambaa vilivyozungushwa miguuni kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Soksi kuukuu itakupa tarbushi. Bendeji ya duka la dawa ikiloweshwa ndani ya chai ya rangi itageuka kaki, nawe utaikata vipande vyembamba na kumfunga. Kwa vyombo, nenda Kamukunji penye mafundi wa jua kali, utakapoiona nyundo ikigonga bati kutoka asubuhi hadi jioni. Omba vipande vinavyoanguka chini vya bati jembamba. Fundi mmoja alinikunjia sufuria ya ukubwa wa kizibo cha soda, akacheka hadi machozi yakamtoka, akakataa pesa yangu.

Mtaa wenye jina la vita

Kutoka Kamukunji, shuka kuelekea Shauri Moyo hadi soko la Burma, karibu na uwanja wa City. Wengi hulijua kwa nyama. Wachache hujiuliza kwa nini soko la Nairobi liitwe kwa jina la nchi ya Asia, ambayo leo ni Myanmar. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko mwaka wa 1944. Wanajeshi wake walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika tope na malaria, hadi wakafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Waliorudi walirudi na jina hilo kinywani.

Hapa ndipo pa kumpigia picha Keya wako wa vita vya pili. Usihitaji msitu. Tafuta nyasi fupi zenye tope kando ya ukuta na umsimamishe hapo. Lala kifudifudi bila kuona haya. Geuza simu yako juu chini ili kioo cha kamera kikaribie ardhi, na kilingane na macho ya askari. Ukimpiga kutoka juu, atabaki kuwa kitu cha kuchezea. Ukimpiga kutoka chini, nyasi zitakuwa pori na dimbwi litakuwa mto. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni ndizo saa zako, kwa kuwa jua liko chini na vivuli ni virefu. Jua la saa sita huufanya uso kuwa bapa kama chapati.

Aidha, omba ruhusa kwa wenye vibanda. Usitembee ukiwa umeshika bunduki ya plastiki hadharani, hata iwe ndogo namna gani, na usielekeze kamera upande wa kituo cha wanahewa cha Moi kule Eastleigh. Tahadhari ni bora kuliko kujieleza mbele ya afande.

Mpagazi asiye na jina

Sasa rudi kupitia Pumwani hadi Kariokor. Soko hili unalijua kwa vyondo, kwa viatu vya ngozi na vya akala, na kwa ugali na nyama choma. Lakini jina lake ni Kiingereza kilichopita katika vinywa vyetu: Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Kambi yao ilikuwa hapa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, kwa sababu ile ile.

Vita hivyo vilianza Afrika Mashariki mwezi wa Agosti 1914 na kwisha Novemba 1918. Magari yalikwama na wanyama waliuawa na mbung'o, hivyo chakula na risasi zilibebwa vichwani mwa watu. Mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni iliwakusanya wanaume kwa nguvu kijiji kwa kijiji. Mpagazi hakupewa bunduki. Alipewa blanketi, mzigo wa kilo 25 hivi na unga ambao mara nyingi haukuiva. Kuhara damu, malaria na nimonia viliwamaliza kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria kwamba zaidi ya 90,000 walikufa.

Nilipofahamu hayo, nilirudi nyumbani nikamvua yule wa Gikomba kaki yake. Nilimfunga kipande cha blanketi, nikamtwika gunia la sentimita kumi na ile sufuria ya Kamukunji. Mguu aliokosa nilimchongea wa mti. Nilimwacha bila viatu.

Jumapili moja alfajiri nilikwenda naye Kariokor pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Tulimsimamisha kwenye vumbi nyuma ya vibanda vilivyofungwa. Mtoto akapuliza vumbi kidogo mbele yake, nami nikabonyeza. Tulipoitazama picha, hatukuona plastiki. Tuliona mtu aliyechoka, anayeendelea kutembea.

"Baba, huyu anaitwa nani?" mwanangu aliuliza.

Nilifungua kinywa, nikakifunga.

Siku hiyo hiyo tulipanda matatu hadi katikati ya jiji, tukaenda kwenye sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka wa 1928, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Wanaume watatu wamesimama juu yake, mpagazi akiwa mmoja wao. Maandishi yaliyo chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Pia huahidi kwamba mtu akifa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Mwanangu aliizunguka sanamu mara mbili akitafuta jina. Halikuwapo hata moja.

Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliotumikia Uingereza katika vita vile hawakuwahi kuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na Wamisri. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini haimjibu mtoto wa miaka tisa.

Ndiyo maana nakuomba, msomaji, uujaribu uraibu huu, hasa ikiwa una mtoto nyumbani. Gharama yake ni ndogo na safari yake yote ni ya miguu. Lakini kabla hujashika wembe na gundi, mwulize mzee wa ukoo wenu ni nani aliyekwenda Keya, nani aliyekwenda Kariokor, na nani hakurudi. Andika jina hilo kwenye karatasi na ulibandike nyuma ya picha utakayopiga.

Wa kwetu bado hana jina. Sikukuu ijayo tunakwenda mashambani kumwuliza nyanya yangu. Mwanangu ameshatia kalamu mkobani.