Mgeni Aje, Silaha Ibaki Mpakani

Wajukuu zangu wapendwa, mlio hapa Missenyi na mlio mbali,

Vibanja vimeshagawanywa na karatasi zake anazo mama yenu mkubwa. Wosia huu hauhusu mali. Unahusu mpaka tuliozaliwa kando yake na majirani ambao Mungu ametupa bila kutuuliza. Mliporudi Krismasi niliwasikia mkibishana kuhusu Kongo na Rwanda. Mmoja alisema jeshi letu liingie likamalize kazi, mwingine akaita taifa zima nyoka. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Sasa nasema, nanyi mnisikilize hadi mwisho.

Mjue kwanza mlipozaliwa. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hizi kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Waliuchora kwa rula, hawakuuliza ukoo wa mtu. Hapa kwetu Kyaka, mto Kagera unapita kusini mwa mstari huo, hivyo eneo lote kati ya mto na Mutukula likabaki upande wa Tanganyika, huku ndugu zetu wengine wakijikuta Uganda. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikubaliana kule Cairo kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe hivyo hivyo ilivyo, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuitetea hoja hiyo. Walifanya vyema. Kila mtawala angeanza kudai mto au kilima anachokipenda, tusingelala.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda. Mwalimu alimpokea Obote na akakataa kumtambua Amin. Kwa hilo namuunga mkono hadi leo, ingawa lilikuwa na gharama: wakuu wa nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuketi tena meza moja, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitenga na wazee wenzangu. Wafuasi wa Obote hawakupewa hifadhi tu, walipewa kambi na mafunzo. Septemba 1972 walivuka mpaka kutoka huku kwetu wakiwa na silaha, wakielekea Masaka na Mbarara, wakashindwa vibaya. Amin akajibu kwa ndege. Mabomu yakaangushwa Bukoba na Mwanza, yakaua watu ambao hawakujua hata nani amevuka kwenda wapi. Somalia ikasuluhisha, na Oktoba mwaka huo mkataba ukatiwa saini Mogadishu: kila upande urudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani, na asiwepo wa kumfuga adui wa mwenzake. Wazee wenzangu husema tulikuwa na haki, kwa sababu Amin alikuwa muuaji. Muuaji alikuwa, tena mkubwa. Lakini waliolipa ni watu wa mpakani, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama tuko tayari kulipa.

Sisemi kwamba Amin alipotuvamia mwaka 1978 ilitokana na hilo peke yake. Jeshi la Amin lilikuwa linaasi ndani kwa ndani, naye alihitaji adui wa nje. Mwisho wa Oktoba askari wake waliingia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Kisha wakalivunja daraja la Kyaka. Sisi tuliochelewa tulivuka kwa mitumbwi usiku, na bibi yenu alikuwa na mimba ya huyo huyo mama yenu mkubwa. Tuliporudi mwanzoni mwa 1979, nyumba ilikuwa imesimama kuta tupu. Mabati yameng'olewa, milango imebebwa pamoja na bawaba zake, kahawa imekaukia mitini. Zizi halikuwa na hata ndama. Kiwanda cha sukari cha Kagera nacho kiliporwa, na miaka iliyofuata sisi tunaoishi jirani na mashamba ya miwa tulipanga foleni kusubiri sukari ya kilo.

Nchi ilijitetea. Mwalimu alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, uwezo upo na nia ipo, na vijana wa rika langu wakaenda. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wengine hawakurudi, wamelala makaburini Kaboya, na nataka kila mmoja wenu akasimame pale walau mara moja katika maisha yake. Baadaye tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Iliendelea kwa miaka mingi. Kwa hiyo mnaposikia mtu akisema kwa wepesi kwamba jeshi liingie mahali, mwulizeni amepanga kufunga mkanda kwa muda gani, na ni mtoto wa nani atakayetangulia.

Sasa niwapeleke Ngara. Mwisho wa Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Mimi nilifika siku chache baadaye na lori lililobeba maharage. Kando ya barabara, upande wetu wa mpaka, kulikuwa na rundo la mapanga, marungu na majembe lililonipita kimo. Askari wetu walikuwa wanasimamisha kila anayevuka: weka chini, pita. Mama mwenye mtoto mgongoni alipita, mzee akapita, na kijana aliyekuwa ameshika panga aliliacha pale naye akapita. Katika yote niliyoyaona nchi hii ikiyafanya mpakani, hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Hatukumfukuza mtu, na hatukumpokea na panga lake.

Hata hivyo haikutosha, nanyi mlijue hilo pia. Waliofanya mauaji ya kimbari kule Rwanda waliacha mapanga wakaingia na vyeo vyao. Juni mwaka huo, kambini Benaco, wafanyakazi wa misaada walipotaka kumwondoa aliyekuwa meya wa Murambi, Rwanda, maelfu ya watu waliwazingira kumtetea. Miaka mingi baadaye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimkuta na hatia ya mauaji ya kimbari. Mtu kama huyo alikuwa anagawa chakula na kupanga nani alale wapi.

Linganisheni na Goma. Julai 1994 umati mkubwa zaidi uliingia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, nalo jeshi la Rwanda lililoshindwa likaingia nao pamoja na silaha nyingi na viongozi wake. Kambi zikawa makao ya kujipanga upya, kilomita chache tu kutoka mpakani. Mwaka 1996 Rwanda ikavuka kwenda kuzivunja, na tangu hapo Kivu, mashariki mwa Kongo, haijapumzika. Wazao wa jeshi lile wanaitwa FDLR, na Rwanda inawataja kila inapoulizwa kuhusu Kongo. Upande wa pili wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba Rwanda inawasaidia waasi wa M23, waliouteka mji wa Goma Januari 2025. Mwezi uliofuata marais walikusanyika Dar es Salaam kutafuta njia. Miaka 30 imepita na bado tunahangaikia bunduki iliyoruhusiwa kuvuka pamoja na mwenye nayo.

Kwa hiyo mtakapokuwa na nafasi ya kusema, iwe kijijini, bungeni au jeshini, semeni hivi: mkimbizi apokelewe, anyang'anywe silaha, akae mbali na mpaka, na asiruhusiwe kuifanya nchi hii uwanja wa kumwinda aliyemfukuza. Hata kama aliyemfukuza ni dhalimu. Dhalimu tumkatae mchana, kwa jina letu, kama Mwalimu alivyomkataa Amin mbele ya dunia. Tusimtumie watu usiku kupitia migombani mwetu.

Na aliyepokelewa bila silaha akaishi kwa amani, msimgeuzie kibao. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu hadi wakalisha wilaya, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Naona fahari kwa hilo. Lakini naona uchungu nikikumbuka mwaka 2013. Mwaka huo Rais Kikwete alishauri Rwanda izungumze na FDLR, Kigali ikakasirika, na maneno makali yakapita kati ya nchi mbili. Mwaka huo huo Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kuondoa wahamiaji haramu. Kulikuwa na majambazi wenye silaha misituni, na ng'ombe waliojaza hifadhi. Kazi ya kuwaondoa ilikuwa halali. Ila miongoni mwa waliobebwa walikuwamo pia watu waliokaa hapa miaka 30 na 40, wameoa, wamezaa, wamezika. Kosa lao lilikuwa lafudhi, pua au jina. Ugomvi wa wakubwa ulishuka hadi kwenye uwanja wa nyumba, na waliowaelekeza askari kwa kidole walikuwa majirani. Wengine walitaka shamba.

Msiwe watu wa namna hiyo. Mkiona bunduki ngeni, toeni taarifa siku hiyo hiyo. Mkiona mtu mgeni, mwulizeni ametoka wapi na mpeni maji wakati anajibu.

Kuna kazi moja nawaachia. Mjane wa chini ya barabara, yule mliyezoea kumwita Bibi, alizaliwa ng'ambo akaolewa hapa kabla ya vita vya Amin. Mwaka 2013 alijificha kwetu. Hadi leo yeye na mwanawe mdogo hawana kitambulisho cha taifa, kwa sababu waliojua ndoa yake wamekufa, nimebaki mimi na katekista. Nimeandika ushahidi wangu na mwenyekiti wa kijiji ameugonga muhuri. Uko ndani ya bahasha ya kaki kabatini. Kabla ya msimu wa kahawa kuanza, mmoja wenu aichukue, aende na Bibi na mwanawe ofisini Bunazi kuomba kitambulisho, akae nao kwenye benchi mpaka wahudumiwe. Wakiambiwa warudi kesho, arudi nao kesho.

Ni mimi babu yenu.