Kufuta Windows ya zamani: angalia kwanza neno "System"

Hapa Kilifi naulizwa sana: "Diski imejaa na ndani kuna Windows ya zamani nisiyoitumia. Niifute?" Ifute, lakini kwanza jua kompyuta yako inawakia wapi.

Mama mmoja mwenye saiba Malindi aliniita mwaka 2023. Kompyuta yake ya mtumba ilikuwa na diski ya GB 500 yenye Windows 7. Fundi aliongeza SSD, akaweka Windows 10 humo, diski ya zamani akaiacha ndani. Mashine ikawa na kasi, lakini diski ya kazi za wateja ikajaa. "Mwanangu, niondolee mzigo huu," akaniambia.

Nikafungua Disk Management. C: iliyo kwenye SSD imeandikwa "Boot". Kwenye diski ya zamani kuna kipatisheni cha MB 100 kimeandikwa "System". Majina haya huchanganya watu wengi. "Boot" ni pale Windows yenyewe ilipo. "System" ndipo zilipo faili za kuwashia, yaani bootmgr na BCD. Windows 10 ilipowekwa ilikikuta kipatisheni hicho tayari, ikakitumia. Kwa hiyo kila asubuhi mashine ilianzia diski kuukuu, ndipo ikarukia SSD. Ukiifuta diski hiyo yote, saiba imefungwa.

Nilifanya hivi:

1. Nilinakili folda yote ya Users ya Windows 7 kwenye diski ya nje. Humo mlikuwa na skani za vyeti vya kuzaliwa na barua za kazi ambazo mama alidhani ziko D:.

2. Nikafungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika:

bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS

Kisha kwa diskpart nikachagua patisheni ya C: na kuandika active.

3. Nikazima, nikachomoa kebo ya diski ya zamani, nikawasha. Ikawaka! Huu ndio mtihani wenyewe.

4. Nikarudisha kebo, nikaitanguliza SSD kwenye BIOS. Neno "System" sasa likawa kwenye C:. Hapo ndipo nikafuta patisheni ya Windows 7 na kutengeneza E: mahali pake.

Kile cha MB 100 nilikiacha. Nafasi yake haitoshi hata filamu moja.

Angalizo: hatua hizi ni za mashine za BIOS ya zamani. Mashine za UEFI zina patisheni ndogo ya EFI, na amri zake ni tofauti kidogo. Usiiguse kwa kubahatisha.

Wahenga wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kama kompyuta yako haiwaki ukichomoa diski ya zamani, wakati wa kufuta bado.